Mlango Nilioufunga Kamere

Kwako Baba,

Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na goti limeacha kukusumbua. Mama amemaliza palizi? Mimi ni mzima hapa Nakuru, baridi ya asubuhi nimeizoea.

Uliniuliza kwa nini nilipelekwa Salgaa kupanda minara ya mtandao na wewe unajua kazi yangu ni ya ofisini. Nitakueleza ilivyokuwa.

Wewe uliyekuwa fundi wa nyaya za simu utaelewa. Kila kituo tunachohudumia kina rauta, kisanduku chenye milango ya kuchomeka nyaya. Kila mlango una namba na anwani yake. Unaandika amri mstari kwa mstari: unautaja mlango, unaupa anwani, unaufungua. Nikiwa hapa mjini naweza kuingia kwa rauta iliyo mbali kupitia mtandao wenyewe.

Jumanne asubuhi nilitakiwa kubadilisha anwani ya mlango wa pili kwenye zahanati moja ya Kamere, kando ya ziwa. Kwa makosa nikaandika namba ya mlango wa kwanza, ule nilioingilia. Skrini ikaganda. Nilikuwa nimejifungia nje, na zahanati nimeikatia mtandao.

Nikapiga simu. Akashika nesi, Sister Chebet.

“Daktari alikuwa ananielekeza kwa video, imekatika,” akasema. “Mama amejifungua, damu haikatiki. Na hii simu ni ya kupokea tu.”

Nikamwomba namba ya daktari, nikampigia kwa simu yangu ya pili, nikaziweka zote mbili mezani, sauti juu, zikitazamana. Wakazungumza hivyo.

“Kanda tumbo, usiache,” daktari akawa anasema.

Nikamwambia nesi amtume askari wa geti kwa rauta. “Achomoe waya wa stima, ahesabu kumi, arudishe.” Amri zangu sikuwa nimezihifadhi, kwa hivyo rauta ikiwaka upya ingerudia mpangilio wa zamani. Ikarudia. Video ikarudi, na baadaye nikaambiwa mama na mtoto wako salama.

Ofisini hakuna aliyeona. Ningesema stima ilipotea, na yangekwisha. Niliandika ripoti ya kweli. Bwana Gurdeep, mwenye kampuni, aliisoma akiwa amesimama.

“Nani mwingine anajua?”

“Hakuna.”

“Sasa mbona umeandika?”

Nilimjibu kwamba yule nesi ana haki ya kujua ni nani alimkatia mtandao. Akanipeleka kwa minara ya Salgaa mwezi mzima, na sikulalamika.

Wiki iliyopita alinirudishia kazi ileile ya Kamere. Kabla ya kugusa chochote nikampigia Sister Chebet.

“Ni wewe ulikata siku ile?”

“Ni mimi.”

“Ngoja basi. Niko na mama anajifungua.”

Nikangoja. Nilipiga saa nne, akasema bado. Saa tano, bado. Saa sita akashika simu, nikasikia mtoto akilia nyuma yake.

“Haya,” akasema, “sasa fanya.”

Kazi yenyewe ilichukua dakika mbili.

Mfikishie Mama salamu zangu, na kaka Wafula mwalimu, na shangazi anayeuza omena sokoni. Waambie nakula vizuri.

Ni mimi, binti yako wa pili,
Nafula