Mgeni Aliyeniulizia Mimi

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Endamarariek hatujambo. Mbaazi zimekubali, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza shirika lenu liwasaidieje akina mama wanaojifungua wakalemewa moyoni. Nilipojifungua mara ya kwanza, wageni walikuja na uji, wote wakimuulizia mtoto. Mimi sikutaka hata kumtazama, nikaona aibu kusema. Jirani yetu, Mama Paulina, alikaa tukachambua mbaazi, kisha akaniuliza, "Na wewe, umelala?" Nililia sana. Akawa anakuja kila siku, hadi nikampakata mwanangu bila kuambiwa.

Mimi miradi siijui, mama, ila tafuteni watu wa kukaa hivyo.

Mtoto yule ndiye mama yako. Leo amenipigia simu, neno lake la kwanza: "Mama, umelala?"

Ni bibi yako, aliyelala vizuri.