Mlango Niliouacha Wazi Jette

Mjukuu wangu Tumaini, salamu nyingi kutoka huku Brussels. Babu yako hajambo, ila kifua kinamsumbua. Shangazi yako Rehema hajambo, na mapacha wake hawajambo. Mimi nipo tu. Kikohozi chako kimeisha? Unakula?

Umeniuliza, yule mama wa kwenye kitabu chenu cha shule, aliyehamia mbuga tupu akazika mtoto huko, mbona hakurudi kwao?

Mwenzio nilimzika baba yako mdogo, Elia, hapa Jette, mtaa wetu wa Brussels, akiwa bado mchanga. Nikasogeza viti, nikatandika mkeka, nikaacha mlango wazi kama msibani kwetu. Babu yako akasema, "Mama Rehema, funga. Hawa wa huku hawaji bila kualikwa."

Jioni akapanda bibi mmoja Mbelgiji wa nyumba ya chini, amefura hasira, maana baridi ilikuwa inajaa kwenye ngazi. Akaniona nimekaa chini. Akaketi mkekani na koti lake. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini mlango hakuufunga.

Baadaye mkataba wa kazi wa babu yako ukaisha, akataka turudi nyumbani. Nikamwambia, "Na Elia tutamwachia nani?" Basi, tupo hadi leo.

Andika upesi, roho yangu haitulii. Niambie kama yule mama alipata mtu wa kuketi naye.

Bibi yako