Lifti ya Baba Wakesho

Riruta, Nairobi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpenzi Mama Wakesho,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha jino la mbele la juu la binti yetu Wakesho, kilichotokea Jumatano iliyopita pale Adams Arcade, likiwa katikati ya hindi la kuchoma. Marehemu lilikuwa likilegalega kwa muda mfupi. Limeacha pengo moja na jirani mmoja aliye katika hali mahututi. Mwili umehifadhiwa ndani ya karatasi ya chingamu, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini. Habari zimfikie mama yako, na wote walioko huko Wundanyi.

Baada ya tangazo hilo, sasa salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule mbuzi, ameshazaa au bado anatuchezea? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na habari ya magoti nitaifikia.

Uliniandikia kwamba mke wa mchungaji amewafundisha akina mama kuwa mzazi na mtoto wasipotoka matembezi pamoja, watakuja kujuana kama watu waliopanga foleni moja. Ukanitumia mtoto kwa likizo hii ya Agosti, amefuatana na shangazi yake Mkamburi, na kikaratasi chenye maneno mawili: "Mtembeze. Mjuane." Nimetii. Hii ndiyo ripoti.

Siku za kwanza alikuwa mgeni kabisa. Asubuhi shikamoo, halafu anakunja blanketi kwa pembe nne kama askari. "Baba, naomba ruhusa ninywe maji." Mtoto wangu mwenyewe, ananiomba maji yaliyo kwenye mtungi! Nikasema, haya, mke wa mchungaji ana haki. Mtu unayemwona wiki mbili kila Desemba, tena nyumba imejaa wageni, utamzoea wapi?

Ila kulikuwa na jambo. Kila tukitoka nje alikuwa anasimama, anatazama kushoto, anatazama kulia. Nilidhani anaogopa barabara. Jumatano tukatembea kwa miguu mpaka Adams Arcade, tukaangalia madirisha ya maduka bila kuyasumbua, nikamnunulia hindi, na yaliyolipata lile jino unayajua. Hakulia. Alilitazama, akalifunga kwenye karatasi, akasema, "Sasa baba, turudi na gari. Nimechoka."

"Gari gani?"

"La lifti."

Mama Wakesho, kosa ni letu sote wawili. Tangu azaliwe tunamwambia baba yako yuko Nairobi, anaendesha lifti. Na huko kwetu lifti iko moja tu, ile ya daktari wa mifugo akikukuta njiani na kapu la mboga, akusogeze. Kwa hiyo mtoto amekua akijua kwamba babake kaajiriwa kuwapa watu lifti kutwa nzima. Darasa zima la pili linajua hivyo.

"Na unawabeba bure?" akaniuliza.

"Bure."

"Hata wenye mizigo?"

"Hata wenye mizigo."

"Wangapi?"

"Sita."

"Sita na dereva?"

"Sita na dereva."

Sikudanganya hata neno moja. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mtu akidanganya anajua pa kurudi kuomba msamaha, lakini mimi nilijichimbia shimo kwa ukweli mtupu. Akasema, "Mwalimu amesema nikirudi niwaambie gari la baba ni rangi gani." Nikamwambia gari halitoki wikendi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Hakuuliza. Adabu uliyomfundisha wakati mwingine ni mzigo kwa mwenye kosa.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikampeleka Uhuru Park, tukapanda mashua ya kukanyaga. Tulizunguka bwawa mara mbili nikihema. Wakati wa kushuka, mwenye mashua akanyoosha mkono apewe hela yake. Wakesho akamtazama, akanitazama, akaninong'oneza, "Huyu analipisha. Wewe ni mzuri kuliko yeye." Tukivuka barabara akanishika mkono bila kuombwa. Tulitembea hivyo mpaka karibu na posta, na mimi sikuthubutu hata kujikuna pua nisije nikauachia. Hivyo ndivyo ulivyotaka, tujuane. Sasa ananijua, na mtu anayemjua ana gari.

Hapa lazima nikwambie jambo ambalo sikukwambia. Ile lifti niliyokuwa naendesha haipo tena. Mwezi wa sita mafundi waliing'oa, milango yake ya vyuma vya kukunja na ule mkono wa shaba wa kuiendeshea, wakaweka mpya. Ile ya zamani ulikuwa unaiendesha kweli. Ukiuachia mkono mapema, watu wanatua chini ya sakafu, wapande kama mbuzi. Mimi peke yangu nilijua kuisimamisha sawasawa. Hii mpya ina vitufe. Mwenye jengo, yule mzee wa Kihindi, aliniambia kwa upole, "Mwadime, wewe kaa tu mpaka watu wazoee." Watu walizoea siku ileile, kabla ya chai ya saa nne. Tangu hapo nakaa kwenye kiti changu, nauliza "Ya ngapi?", nabonyeza. Wengine wanabonyeza kabla sijauliza. Wengine, wenye huruma, wananingoja nibonyeze, na hao ndio wanaoniumiza. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja habari njema ya kuiweka pembeni yake kwenye barua. Haijapatikana.

Basi jana Jumamosi nikaamua kumaliza mambo. Nilipiga shati pasi. Yeye akabeba jino lake. Alikuwa amekataa kulirusha juu ya paa la ploti yetu hapa Riruta, kwa sababu paa ni la mwenye nyumba, na akilirusha hapo jino jipya litamwotea mwenye nyumba. Alitaka paa la kazini kwa baba. Njiani nikamweleza polepole kwamba lifti ya mjini haina magurudumu. Ni chumba kidogo kinachopanda na kushuka ndani ya jengo.

Tulipofika nyuma ya soko la jiji akauliza, "Chumba kinapanda chenyewe?"

Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Lakini alikuwa amenishika mkono. "La," nikasema. "Mimi ndiye nakipandisha."

Macho yake ungeyaona! Chumba kinachopanda kilikuwa kimelishinda gari mara kumi. Tulipofika nikamkalisha kwenye kiti changu ndani ya lifti. Mpango wangu ulikuwa nisimame nimevipa vitufe mgongo, nibonyeze kwa kidole nyuma ya mgongo, niseme neno zito, aone ni mimi ninayekipandisha. Kumbe kuna Njoroge, askari wa mlangoni.

"Wee mzee, niaje? Kam usaini kitabu kwanza! Leo si siku yako."

"Njoroge, niko na mtoto."

"Huyo mtoi hataibiwa. Ni saini tu."

Nilitoka hatua mbili. Milango ikajifunga nyuma yangu.

Miaka kumi na miwili nimekaa ndani ya lifti, sijawahi kuiona ikiondoka bila mimi. Nilibonyeza kitufe cha nje, nikapiga mlango kwa kiganja, nikaita jina lake kwenye ufa. Taa ya juu ikaandika mbili. Ikaandika tatu. Nikapanda ngazi mbio. Ghorofa ya nne nilisikia kitu kikinipita ndani ya ukuta kuelekea chini, taratibu, bila haraka yoyote.

"Mzee!" Njoroge akapaza sauti kutoka chini. "Shuka, ako hapa!"

Nikashuka. Nikiwa ghorofa ya pili, nikasikia, "Ameenda tena! Ameniambia kwaheri!"

Nikapanda. Hapo ndipo magoti yalipokufa, yafuate jino. Nilimkuta ghorofa ya sita, milango imefunguka, amekaa kwenye kiti miguu ikining'inia, hana hata dalili ya machozi. Aliangua kicheko, pengo lote nje.

"Baba! Inajiendesha yenyewe! Unabonyeza tu! Hata mimi nimeiendesha!"

Nikajishikilia ukutani. Sikuwa na pumzi ya kusema uongo. Alinitazama jasho linavyonitiririka, kicheko kikapungua, nikamwona anapiga hesabu zake.

"Sasa wewe unafanya nini?"

Nimeulizwa na wengi maswali mengi humo ndani, Mama Wakesho. Saa ngapi, ofisi ya wakili iko wapi, mvua imeanza? Hilo hakuna mtu mzima aliyewahi kuthubutu kuniuliza.

"Naisindikiza," nikasema.

"Kama mama anavyosindikiza wageni mpaka kwenye mkaratusi?"

"Kama hivyo."

"Hata kama njia wanaijua?"

"Hata kama wanaijua."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la nusu akaona aibu kudai nusu nyingine. Halafu akashuka kitini, akanipisha nikae. Hilo liliniuma kuliko swali.

Tukapanda ngazi ya mwisho mpaka juu kabisa, penye matangi ya maji. Akafungua karatasi yake, akainua kichwa, akatafuta paa. Hakukuwa na paa. Juu ya jengo ni saruji tupu, na sisi tulikuwa tumesimama juu yake.

"Nirushe wapi?"

Nikatazama juu na mimi, kama mtu anayetafuta kweli. Akalifunga tena. "Basi nitarusha kwetu. Lakini sifiki. Ukija Desemba unibebe begani."

Kwa hiyo jino limo ndani ya bahasha hii. Nakuomba lisirushwe mpaka nije, hata kaka yako akijitolea, maana najua mabega yake yalivyo na haraka. Mwalimu akiuliza rangi ya gari, Wakesho atajibu mwenyewe. Nimemuuliza atasema nini, akasema bado anafikiria.

Msalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu aliyoagiza imo kwenye mfuko wa Mkamburi. Msalimie kaka yako anayetuchungia mbuzi. Msalimie mke wa mchungaji, mwambie matembezi yamefanya kazi, hata kupita kiasi. Wakesho na shangazi yake wataondoka na basi la Jumanne asubuhi. Blanketi amelikunja tayari, na siku mbili bado.

Ni mimi wako, ninayekukumbuka kila ghorofa,

Mwadime, Baba Wakesho

Jumatatu jioni. Nimeifungua tena bahasha kuongeza hili. Leo asubuhi nimeingia kwenye lifti, kiti changu hakimo. Njoroge amekikalia mlangoni. Anasema mwenye jengo amesema watu wameshazoea.