Mstari Unaoanza na Nukta

Jumanne, 14 Mei
Nimechapa mtihani wa Jiografia wa Kidato cha Kwanza. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ni kongwe, kioo cheusi, herufi za kijani. Wenzangu wanaicheka. Mimi naipenda, haina haraka. Haikuonyeshi ukurasa utakavyotoka, unaiandikia amri. Mstari ukianza na nukta ni amri, hauchapwi. Kwenye kioo upo, kwenye karatasi haupo. Leo swali la tano lilipotea hivyo. Nimerudia.

Jumatano, 15 Mei
Baba amekufa. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limewafukia huko Geita, yeye na mwenzake. Aliyepigiwa simu ni baba mdogo Masanja. Mama amekaa chini tangu mchana. Sijalia. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 16 Mei
Mwili umefika. Kwenye gari la wachimbaji ameshuka pia mwanamke na mtoto wa kike, miaka kama sita. Amepiga magoti kusalimia wazee, akasema mtoto ni wa marehemu, anaitwa Neema. Hakuna aliyebisha. Ana masikio ya Baba.

Nimemchukia mchana kutwa. Jioni kasinzia mkekani, mguu wake juu ya wangu. Nikashindwa kuendelea.

Mama yake ameniita pembeni. Amesikia mimi ndiye nitakayechapa wasifu wa marehemu. Hataki shamba wala ng'ombe. Anataka mtoto asomwe tu, watu wasikie. Namwelewa. Kwetu aliyesomwa kaburini ni mtoto. Asiyesomwa akija siku nyingine ni mgeni.

Ijumaa, 17 Mei
Baba mdogo kanifuata shuleni, akasimama nyuma ya kiti changu. Niliandika watoto watano, kila mmoja mstari wake. Alipofika kwa Neema akasema, "Futa huyo."

Nikamwambia wazee hawakukataa.

"Wamenyamaza tu. Unataka mama yako aaibike mbele ya kanisa zima? Futa, mwanangu."

Sikufuta. Niliweka nukta mbele ya jina, nikamweleza halitatoka. Watano nikawafanya wanne. Printa ikapiga kelele zake. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Mimi ni mwoga. Kesho nitaitoa ile nukta.

Jumamosi, 18 Mei
Alfajiri nilikimbia shuleni, mlinzi akanifungulia. Nikatoa nukta. Nikarudisha watano. Printa ikaanza vizuri, mara umeme ukakatika. Nilisubiri mpaka nikasikia kwaya inaanza nyumbani. Nikarudi na nusu ukurasa: Baba amezaliwa, amebatizwa, basi.

Nilimalizia kwa kalamu nikampelekea katekista. Aliisoma yote. Akanirudishia kwa upole, akasema yeye anasoma iliyotoka kwa baba mdogo.

Amesoma wanne. Jina langu la kwanza.

Kisha watoto wa marehemu tukaitwa kuweka mashada. Neema akainuka pamoja nasi. Mama yake akamvuta gauni, akakaa.

"Mbona mimi sijasomwa?"

Aliuliza kwa sauti, kama mtoto anavyouliza. Watu wakatazama chini. Nilikuwa na shada mkononi. Nikapita.

Jumapili, 19 Mei
Sikwenda kanisani. Nimeosha masufuria ya msiba. Baba mdogo kaniambia nimefanya kazi nzuri, karatasi ilisomeka. Nikasugua sufuria.

Jumatatu, 20 Mei
Wameondoka. Mama aliwafungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akaukabidhi. Mama yake Neema akaupokea kwa mikono miwili. Hawakutazamana.

Nimewasindikiza hadi barabarani. Basi la Geita liliposimama, mama yake akamwambia, "Muage dada yako."

Neema hajui kuaga. Akaniamkia tena, kama alivyoniamkia asubuhi.

"Shikamoo, dada."

Nikaitika. Konda akamnyanyua, akamwingiza ndani.