Gari Inayofikiri Kwanza

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka saa kumi na moja. Chai, mayai mawili, viazi vya jana. Nafula amekula akiwa amesimama, kawaida yake. Nimefuta vioo vya gari yeye akifunga mtungi kwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, vile mtu angefunga mtoto. Ndani ni mbegu za fahali, na baridi yake inachoma mkono. Leo ni Kabazi. Ng'ombe wawili.

Binti yangu anapandisha ng'ombe kwa sindano. Wanaume wazima wenye ndevu wanampigia simu asubuhi, "Daktari, njoo haraka, ng'ombe analia." Maana ng'ombe akitaka dume hangoji, ukichelewa saa chache umengoja wiki tatu. Mtoto wa dobi. Mjukuu wa mtu wa reli. Mama Kevo hapa jirani ana watoto watano na hakuna hata mmoja anayeitwa daktari. Siringi. Ni ukweli.

Kagari kenyewe ni kadogo, injini ya lita moja, ule mlango wa nyuma unaofunguka juu. Lakini kanang'aa kuliko magari ya wakubwa pale Kiamunyi yote, kwa sababu nakaosha mimi. Uchafu haujawahi kunishinda. Hata ile filta ya hewa, ile karatasi ya mikunjo mikunjo chini ya boneti, niliitoa mwezi uliopita ikiwa nyeusi tititi. Fundi alimwambia abadilishe, akasahau. Nikailoweka kwa sabuni ya unga, nikaisugua na brashi ya kola, nikaianika na vibanio viwili, nikairudisha. Ikawa nyeupe kama shuka ya hoteli. Sijamwambia. Alinikataza kugusa chini ya boneti, ati siku moja nitafua betri.

Kutoka geti letu mpaka lami kuna kamlima ka murram. Huwa nasimama kwa mlango nikisikiliza. Akikanyaga mafuta pale chini, gari inabadilisha sauti, inapanda. Leo imechelewa. Nimehesabu mpaka nne.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nguo zimening'inia sebuleni kama wageni.

Nafula anasema gari siku hizi inafikiri kwanza. Unakanyaga, inanyamaza, halafu ndio inaenda. Amesema akicheka. Nimecheka pia. Sijapenda.

Ijumaa, 9 Mei

Mwandiko wangu leo ni mbaya.

Nafula amerudi akanieleza akimenya ndizi, kama mtu anayeeleza habari ya mwingine. Alikuwa anapanda mlima wa Subukia kurudi nyumbani. Mbele yake lori la kabeji, linatambaa. Barabara ikaonekana wazi. Akatoka aovateki, akakanyaga mafuta mpaka chini. Gari ikafikiri. Basi likatokea kwenye kona.

Alirudi nyuma ya lori. Anasema nafasi iliyobaki ungepitisha godoro tu, na ungelipitisha limesimama. Dereva wa basi alipiga honi mpaka akapotea huko chini.

"Ni injini ndogo tu, Mum. Nitaitafutia dawa."

Akala ndizi yake yote. Mimi nikaenda kupiga pasi na nikachoma kola ya shati la mwalimu. Miaka yote hii sijawahi kuchoma kola ya mtu.

Ninaogopa. Acha niandike hivyo hivyo. Ninaogopa.

Jumapili, 11 Mei

Kanisa. Nimemringia Nafula mbele ya watu, yaani nimeshuka garini polepole ili waone ni nani anaendesha. Mama Kevo ameuliza kama gari ni ya mkopo. Nimemwambia ni ya kazi, na kazi ni ya akili.

Lakini wakati wa maombi sikumwombea Mama Kevo wala mgonjwa yeyote. Niliombea malori. Niliomba yote yabaki upande wao. Nikaona haya, nikaomba tena hivyo hivyo.

Tukitoka kanisani nimekaa mbele kando yake, nikasikia mwenyewe. Anakanyaga. Kimya. Kimya. Halafu inavuta. Nimeona Nafula akikaza taya, vile babake alikuwa akikaza.

Jumatatu, 12 Mei

Dawa imepatikana, ati. Kaboksi kadogo kama kiberiti, kamefungwa kwenye waya za pedali. Kana taa tatu, kijani, njano, nyekundu. Jamaa wa duka la vifaa vya magari mjini alimwambia akiweka nyekundu, gari itaamka na kusahau usingizi. Nafula ameweka nyekundu.

Nimemuuliza kama Fundi Kamau ameiona. Fundi Kamau ndiye ameshika gari hiyo tangu inunuliwe, na ovaroli zake nafua mimi.

"Fundi Kamau ni wa kizamani, Mum. Atasema nibadilishe oili."

Amefurahi. Amezunguka mtaa mara mbili. Mimi nimesimama na beseni. Kagari kanatulia, halafu kanachupa. Siyo kupanda kule. Ni kuchupa.

Jumanne, 13 Mei

Kameruka.

Nilikuwa nimetoka tu kwenye kamba, nimeingia ndani kuchukua vibanio. Nafula akaanza kutoka. Anaapa aligusa mafuta kidogo tu na kidole gumba cha mguu. Gari ikanyamaza, yeye akaongeza, ikaruka kama imeumwa na nyuki, ikaangusha nguzo ya kamba. Shuka za lodging zote kwenye matope.

Nguzo imelala mahali ninaposimama nikianika. Mahali hapo hapo. Nyasi haijamea, kwa sababu ya miguu yangu.

Nafula alitoka akiwa na uso kama unga. Nikamwambia shuka zinafulika. Nikamwambia hata mara tatu. Yeye ndiye alikuwa anatetemeka, mimi nikawa shujaa, nikachemsha chai. Alipoenda nikakaa chini jikoni, sakafuni.

Ameshusha kaboksi mpaka njano.

Jumatano, 14 Mei

Nimefua shuka mara ya pili. Leo nimehesabu mpaka sita ndipo sauti ikabadilika. Kesho anaenda Olenguruone.

Alhamisi, 15 Mei

*Saa nne na nusu.* Nafula ametoka saa tatu. Elburgon, Molo, Keringet, ndio ufike. Milima mitupu, na redio imesema ukungu.

Fundi Kamau amekuja kuchukua ovaroli. Nikamweleza yote, lori, kaboksi, nguzo. Akauliza kama Nafula alibadilisha ile filta. Nikamwambia, na nilisema kwa maringo, Mungu anisamehe, nikamwambia haikuhitaji kubadilishwa, niliifua mwenyewe.

Alicheka. Halafu akaniangalia, akaacha kucheka.

"Mathe, ile ni karatasi."

Ikilowa inavimba, anasema. Injini inavuta pumzi kama mtu aliyefunikwa uso na taulo la maji. Na brashi yangu imeachanisha gundi, kwa hivyo pale pembeni vumbi linapita. Huko ndani kuna kadude kanakopima hewa, na mlango mdogo unaofunguka ukikanyaga mafuta. Vyote sasa vimepakwa vumbi la barabara za Kabazi. Gari haijui imeze mafuta kiasi gani. Ndiyo maana inafikiri. Na kaboksi je? Kaboksi hakaongezi nguvu yoyote. Kanadanganya mguu tu.

Amesema pole pole, bila kunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu.

Ni mimi. Lile basi la Subukia lilikuwa la kwangu.

*Saa tano.* Nimeshika simu, sijapiga. Nikimpigia akiwa nyuma ya lori, atainama kuitafuta. Namjua. Simu yangu haachi iite mara mbili.

*Saa tano na robo.* Nimekumbuka kalenda. Ukutani ameandika kila ng'ombe na siku yake, na namba ya mwenyewe. Leo ni ng'ombe wa Mzee Koech. Nimempigia yeye.

"Daktari bado, mama. Ng'ombe yuko hapa, tunangoja wote."

Nimemwambia akifika asimwachilie aondoke. Ameuliza kwa nini. Nimesema nitaeleza. Akasema sawa, atafunga geti.

*Saa sita.* Bado.

*Saa sita na nusu.* Bado. Mzee Koech anasema ukungu ni mzito, hata ng'ombe wake anamwona nusu. Sijui kama alikuwa anatania. Nimeanza kufua soksi safi.

*Saa saba kasoro.* Nilifikiria yule mtoto alivyokuwa na miaka sita, akinisaidia kupeleka nguo mitaa ya London na Section 58 hapa mjini, kifurushi kichwani, hajawahi kuangusha hata moja. Sitaki kuandika hayo. Watu huandika hayo siku za msiba, siyo saa hizi.

*Saa saba na dakika kumi.* Mzee Koech. "Amefika. Anaosha mikono."

Nikashindwa kusema asante. Nikakata simu. Halafu nikampigia tena nikasema asante, na nikamwambia nitamsubiri Nafula amalize na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hangoji.

*Saa nane.* Nimemwambia Nafula. Nimesema yote bila kupumzika, karatasi, brashi, vibanio. Nikasikia ng'ombe.

"Mum. Uliifua na nini?"

"Sabuni ya unga."

"Ukaipiga pasi?"

"Hapana."

"Angalau."

Akacheka, nami nikalia. Kisha akasema kitu ambacho nakiandika hapa ili nisikisahau siku nikianza kuringa. Alisema tangu Ijumaa alidhani ni yeye. Alidhani amesahau kuendesha. Alikuwa akikaa kila asubuhi kwa geti akiogopa kukanyaga, na hakuniambia kwa sababu mimi husimama mlangoni nikiwa na uso wa furaha.

Mke wa Mzee Koech amemlaza huko. Kaboksi kazimwe kabisa, Fundi Kamau amesema. Kesho ateremke nyuma ya lori la maziwa, asipite chochote.

Ijumaa, 16 Mei

Amefika saa tano. Hakupita hata baiskeli. Anasema dereva wa maziwa alidhani anamfuata, akasimama Molo kumuuliza kama anataka namba yake ya simu.

Nimemshika mashavu kwa mikono ya sabuni. Hakunikataza.

Jumamosi, 17 Mei

Fundi Kamau amekuja na filta mpya. Ametoa ile yangu, akaigonga kwenye kiganja, vumbi likamwagika na vipande vya karatasi. Alama za vibanio vyangu bado ziko, mbili, pembeni. Amesafisha ule mlango mdogo wa hewa na dawa ya kupuliza na kitambaa. Kitambaa kimetoka cheusi kuliko filta ilivyokuwa siku ile. Kadude kanakopima hewa amekapulizia tu, hakukagusa. Nikauliza kwa nini hasugui. Akaniangalia. Nikaweka mikono nyuma.

Kaboksi amekatoa. Nafula amesema akatupe. Fundi amesema atakaweka, siku moja kutakuja mtu anayependa kudanganywa mguu.

Nimetaka kumfulia ovaroli mwaka mzima bure. Amekataa, amesema yeye pia alipaswa kubadilisha hiyo karatasi mwenyewe badala ya kusema tu. Sijui kama ni kweli au ni huruma. Nimeipokea.

Nafula amechukua ile filta ya zamani akaianika kwenye kamba, vibanio viwili. Mama Kevo amepita akauliza ni nguo gani hiyo. Nafula akasema ni ya Mum, ni ya harusi.

Jumatatu, 19 Mei

Chai, mayai mawili. Amekula akiwa amekaa.

Leo ni Kabazi tena. Nimefuta vioo. Boneti sijagusa. Mtungi umefungwa mkanda. Akaniambia, "Mum, usisimame mlangoni." Nikasema sawa. Akatoka, nikasimama mlangoni.

Geti. Kamlima. Moja, na sauti imebadilika kabla sijafika mbili, imepanda moja kwa moja kama mtu aliyeitwa.

Nikafikiria lori la kabeji. Sasa ataweza kulipita. Hilo nalo linanitisha.

Nimesimama mpaka sauti ikaisha, halafu kidogo zaidi. Filta bado iko kwenye kamba. Nimeanika shuka kando yake.