Anwani ya Jeddah Niliyoisahau

Malaz, Jumanne, baada ya Isha

Na bado amenishukuru.

Seva yetu ina anwani mbili za mtandao: moja ya ofisi yetu hapa Riyadh, nyingine ya tawi la Jeddah. Programu ya ghala inapaswa kusikiliza zote mbili, la sivyo tawi lililoachwa haliwezi kuifungua. Jana nilipoirekebisha niliandika ya Riyadh peke yake, nikaijaribu mezani kwangu, ikafunguka, nikaridhika.

Leo asubuhi Otieno, karani wa ghala letu la Balad, kule Jeddah, alipiga simu akisema kwamba programu haifunguki na wapagazi wamesimama na mizigo. Bosi akamfokea kwenye simu mbele yangu.

"Mbona Riyadh inafanya kazi? Umeharibu nini huko? Ukirudia, halas, sikuhuishii ikama!"

Nilijua papo hapo kosa ni langu. Sikusema. Nami nina ikama, kibali cha kuishi hapa, na anayeihuisha ni yeye.

Nikaongeza anwani ya pili kimyakimya. Mstari mmoja tu.

Saa nane Otieno akanipigia. "Umeniokoa, ndugu yangu. Hata sijui niligusa nini."

"Usijali," nikamwambia, "hutokea."

Yaani nimemsamehe kwa kosa langu mwenyewe.