Ng'ombe wa Harusi Yangu Aliyewekewa Pingamizi

Baba,

Nimeolewa! Naanza na hilo ili ufurahi kwanza, maana yaliyofuata yamenipiga bumbuwazi na mpaka leo sijarudi sawa.

Nimeolewa na Ezekia, yule fundi wa karakana ya halmashauri, kijana wa Mbeya aliyekuwa akija kukusomea gazeti ulipolazwa. Ulisema, "Huyu anasikiliza mpaka kwa macho." Baba, ni kweli kabisa! Asubuhi, upepo wa Sumbawanga ukiwa unakata masikio, ananichemshia maji ya kuoga kabla sijaamka. Akiniita "mke wangu" nasahau nilichokuwa nafanya. Juzi nimeunguza maharage yote. Kanisani alilia yeye kabla yangu. Baba mdogo alinipeleka altareni amevaa koti lako la kijivu, nikalishika mkono nikasema moyoni, tumekuja wote.

Kiti chako cha mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kilikuwa kinakaimiwa tangu ututoke. Uchaguzi ukapangwa wiki tatu baada ya harusi yetu, na Ezekia akagombea. Mpinzani wake, Mama Adelina wa masjala, katibu wako wa miaka yote. Nilijivuna mno. Mume wangu kwenye kiti cha baba yangu!

Sasa sikia. Ukumbini, wakati wa zawadi, MC akamwita Mzee Fulana. Unamjua, yule mfanyabiashara anayetaka kila mwaka tawi lichukue kwake fulana na kofia za Mei Mosi. Wewe ulimrudishia gunia lake la mchele wa Krismasi, umelifunga kwenye baiskeli, mvua inanyesha, mama anakuita mjinga kutoka mlangoni. Basi akaingia anacheza na watu wake, akachukua kipaza sauti: "Nyama mliyokula leo ni dume langu kutoka Msanzi! Bwana harusi, kula na wapiga kura wako!"

Vigelegele! Na mimi nilipiga, Baba. Nilidhani ni utani wa harusi. Nyama sikuwa nimeiuliza, maana Ezekia alisema, "Hiyo niachie mimi, ni kazi ya wanaume."

Jumatatu Mama Adelina akaweka pingamizi. Kanuni unazijua, ulikuwa unatusomea kwa sauti mezani: mgombea asipokee mchango wa kampeni kwa mtu anayefanya au anayetafuta biashara na tawi, na kila mchango autaje kwa maandishi. Ezekia alikuwa ameandika kwamba hakupokea chochote. Alijitetea kwamba lile dume lilikuwa mchango wa harusi, na harusi si kampeni. Nilimwamini. Nilimchukia yule mama! Nilisema ana wivu, na nikasema kwa majirani.

Kikao cha pingamizi kilijaa. Dereva mmoja akasimama: "Kama ni hongo, basi sote tumeitafuna, na mimi niliongeza supu!" Watu wakaangua kicheko. Mama Adelina hakucheka. "Mimi pia nilikula, mwanangu, na ilikuwa tamu. Ndiyo maana nauliza imetoka wapi."

Kisha wakaniita mimi. Baba, unajua desturi yetu: hakuna anayechangia harusi bila kupewa kadi kwanza, na kadi zote za harusi yangu niliziandika mimi, kwa mkono. Msimamizi wa uchaguzi akauliza, "Bibi harusi, huyu mzee mlimpa kadi ya mchango?"

Nikamtazama Ezekia. Naye akanitikisia kichwa, kidogo tu, kwamba niseme ndiyo.

Baba. Mpaka dakika ile sikujua kwamba alijua dume lile si mchango wa harusi.

Nikasema, "Hapana. Sikumwandikia kadi."

Jina la Ezekia likakatwa palepale kwenye orodha ya wagombea.

Njiani alitangulia hatua kumi mbele yangu, hakugeuka. Nyumbani akasema, "Neno moja tu, Stella. Ungesema ndiyo." Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema Mzee Fulana alimfuata kabla ya harusi, anataka kuchangia kampeni, naye akamjibu alete harusini, huko hakuna fomu ya kujaza. Akasema alitaka watu waone anafaa kukaa alipokaa baba mkwe. Nilikaa kwenye kochi letu jipya, lenye nailoni bado, namwangalia. Mikono ileile inayonichemshia maji. Nikajiuliza, huyu nimeolewa naye lini?

Nilikwenda kwa Mama Adelina kuomba radhi kwa niliyoyasema. Alinipa chai, akanishika bega. "Kuolewa si kufumba macho, binti," akasema, akaendelea kupanga mafaili yake.

Jana uchaguzi umefanyika na Mama Adelina ameshinda. Ezekia alipanga foleni kama mwanachama mwingine yeyote. Wenzake walimtania, "Shemeji, leo nyama hakuna?" Akatabasamu kwa shida. Aliporudi alikaa karibu yangu, akaniomba msamaha, akalia, akaniambia amempigia kura yule mama.

Sijui kama ni kweli. Mwezi uliopita nisingejiuliza.

Bado nampenda, Baba, nampenda mpaka naona aibu. Lakini kinachoniuma ni hiki: sasa nampenda huku namsikiliza mara mbili. Yeye anasema atangoja. Tutaona.

Pumzika huko Mollo, baba yangu, udongo usikulemee. Nakuahidi nitakuwa mke mwema kwake, na sitasema uongo kwa ajili yake. Na nitamuuliza kila ninaloliogopa, hata likiniuma, mpaka ifike asubuhi nitakayomwamini bila kuuliza.

Binti yako,
Stella